Njooni Mkague Mabweni Usiku

Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu na Michezo. Waziri wa Misaada, Maandalizi ya Maafa na Wakimbizi. Wakuu wa Zimamoto katika Polisi ya Uganda. Na wenyeviti wetu wa LC1, yaani mabaraza ya vijiji na mitaa

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima, na ombi langu naliweka mbele kabisa: tumeni wakaguzi mashuleni usiku. Wasije saa nne asubuhi, mwalimu mkuu akiwa na tai shingoni na kitabu cha wageni kimefunguliwa mezani. Waje saa tano au saa sita ya usiku, taa zimeshazimwa na watoto wamelala. Wasimame nje ya bweni, wautazame mlango, kisha waulize ufunguo uko wapi.

Mimi ni mstaafu. Kazi yangu ilikuwa usalama kazini hapa Jinja, kwenye viwanda vya nguo, vya mafuta ya kupikia na vya chuma, na mpaka leo naishi Walukuba. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichozungumza kila asubuhi kabla ya zamu. Msamia, Mjaluo, Msoga, Mlugbara na Mnubi walisimama pamoja mbele yangu, kofia ngumu kichwani, na hakuna aliyehitaji mkalimani. Ndicho pia wanachoamrishana askari wa zimamoto wakiwa kazini. Nataka barua hii isomwe na hao wote.

Kazi hii ukiiacha, macho hayaiachi. Nikiingia ukumbi wa harusi, kabla sijaketi nimeshaona mlango wa pili uko wapi na kama umezibwa na meza za chakula. Mke wangu amezoea. Ananiacha nizunguke, kisha ananionyesha kiti. Na kwa macho hayo hayo nilikwenda muhula uliopita kumwona mjukuu wangu aliye bodingi.

Ilikuwa siku ya wazazi kutembelea watoto. Shule siitaji, kwa sababu nilichokiona pale nimekiona kwingine kwingi. Familia zilikuwa zimetandika mikeka chini ya miembe, vyombo vimefunguliwa, watoto wanakula kuku na chapati kama hawajawahi kula. Nikamwomba matroni anionyeshe anapolala mtoto wetu. Bweni ni refu, la bati, vitanda vya ghorofa tatu vimesogezwa hivi kwamba mtu mzima hupita katikati yake kwa ubavu. Kila dirisha lina nondo zilizochomelewa pande zote nne. Milango ni miwili. Ule wa nyuma umezibwa na masanduku ya bati ya watoto, yamepangwa hadi kifuani. Ule wa mbele una komeo kwa nje, na kwenye komeo linaning'inia kufuli la shaba lililolainika kwa kushikwashikwa. Nikaingia, nikaugeukia mlango kwa ndani. Hakukuwa na kitu. Hata kipini cha kuuvuta hakipo. Mahali pake pamebaki matundu mawili ya skrubu.

Nikamuuliza, "Mama, hili kufuli linafungwa saa ngapi?"

"Saa nne usiku, Mzee. Nisipofunga wengine wanatoroka, na wezi wa magodoro wanaingia. Mtoto mmoja akipotea, mimi ndiye ninayeulizwa."

Ufunguo? Akapigapiga mfuko wa gauni lake. Na yeye analala wapi? Akanyoosha kidole kwenye kijumba ng'ambo ya uwanja, karibu na jiko.

Yule mama si mtu mbaya, na nawaomba sana, waheshimiwa, asitafutwe wala asiadhibiwe. Anawapenda wale watoto. Niliwaona wakimng'ang'ania mikono. Anafanya kile ambacho kazi yake inampimia. Mtoto akitoroka, matroni anafukuzwa kesho yake. Mlango ukifungwa kwa nje mwaka mzima, hakuna anayemwambia neno. Mtu yeyote aliyewekwa katika hali hiyo atafunga. Lawama iko kwa sisi tulioacha iwe hivyo, na kwenu mliopewa mamlaka ya kuibadilisha.

Sasa niruhusuni nieleze usiku wenyewe unavyokwenda, kwa maana nahisi wengi wanaopitisha majengo haya wanawaza moto kama wanavyouona kwenye televisheni, mwali mkubwa unaoonekana toka mbali na watu wanakimbia. Moto wa bwenini unaanza kidogo: mshumaa, waya uliochunika, simu iliyofichwa chini ya godoro ikichajiwa. Godoro la sponji likishika, linatoa moshi mweusi mzito wenye kaboni monoksaidi na sianidi. Moshi unapanda juu kwanza, kwa hiyo wa kwanza kuupata ni mtoto wa kitanda cha tatu, aliye karibu na bati. Wengi huzimia bila kuamka. Ndani ya dakika tatu hadi tano chumba chenye magodoro mengi kinaweza kushika chote kwa mara moja. Anayeamka anakuta giza, taa ikiwashwa haisaidii, na hewa inayovutika imebaki karibu na sakafu.

Katika dakika hizo, matroni lazima asikie kelele, aamke, atafute gauni lenye ufunguo, avuke uwanja, alipate tundu la kufuli kwa mikono inayotetemeka, na kufuli lenyewe wakati huo limeshapata moto kiasi kwamba halishikiki. Nimewafundisha watu wazima wenye nguvu kutoka kiwandani mchana kweupe, na najua dakika tatu ni kitu gani. Hesabu hiyo haitoshi. Hata gari la zimamoto likitoka kituoni bila kuchelewa hata nukta, linakuta mambo yameshaamuliwa.

Haya siyabuni. Usiku wa Aprili 14, 2008, bweni la wasichana liliungua kwenye shule ya msingi ya Budo Junior, Wakiso. Walikufa wasichana wapatao 19, na milango ilikuwa imefungwa kwa nje. Novemba 2018, sekondari ya St. Bernard's, Mannya, wilaya ya Rakai, walikufa wavulana wapatao 11, na pale pia mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Oktoba 2022 ikawa shule ya watoto wasioona ya Salama, Mukono. Watu 11, wengi wao watoto ambao hata mchana hawana jua la kuwaonyesha mlango. Na kabla ya hayo yote tulikuwa tumeshaona kwa jirani: Kyanguli, Machakos, Machi 2001, wavulana 67, mlango mmoja una kufuli na madirisha yana nondo. Wakenya walizika tena Septemba 2024, watoto 21 wa Endarasha, Nyeri.

Watu wa fani yangu tunafundishwa pia moto mmoja wa zamani zaidi. Machi 25, 1911, kiwanda cha nguo cha Triangle, New York. Walikufa wafanyakazi 146, wengi wao wasichana waliotoka nchi nyingine kutafuta maisha. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa, na sababu iliyotolewa ni kwamba wenye kiwanda waliogopa wizi. Yaani ile ile sababu ya matroni wetu, miaka zaidi ya mia moja baadaye. Baada ya moto ule sheria za viwanda zilianza kubadilika, na ndiyo maana mimi, hapa Jinja, nilikuwa na nguvu ya kusimamisha mashine nikikuta mlango wa dharura umefungwa watu wakiwa ndani. Uganda tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Mfanyakazi wa zamu ya usiku analindwa na kanuni hiyo. Mtoto wake, aliyelala bodingi usiku huo huo, analindwa na matumaini.

Nimesoma miongozo ya usalama mashuleni, na si kwamba hatuna maandishi. Tatizo ni saa ya ukaguzi. Mchana mlango wa bweni uko wazi, kufuli limefichwa, masanduku yameondolewa, mtungi wa kuzimia moto umefutwa vumbi. Mkaguzi anaweka alama kwenye fomu yake kwa uaminifu kabisa, na anaondoka bila kuona kitu kinachoua. Viwandani tulijifunza hilo mapema: zamu ya usiku haijulikani kwa kuitembelea mchana. Kiwanda kile kile, meneja akishalala, ni kiwanda kingine. Vizuizi vya mashine vinavuliwa, njia zinawekwa mizigo, mlango wa nyuma unafungwa ili walinzi wapumzike. Niliyoyakuta usiku ndiyo yaliyonifundisha kazi.

Dawa si ghali. Mlango ufunguke kwa kusukumwa nje, na kwa ndani uwe na komeo la kuzungusha kwa mkono, lisilohitaji ufunguo. Mlango wa pili uwe upande wa pili wa bweni, na masanduku yawe na mahali pake. Kila upande dirisha moja liwe na nondo zenye bawaba na komeo la ndani, kimo ambacho mtoto mdogo anafika. Kitanda cha tatu kiondolewe. Matroni alale ndani ya jengo moja na watoto. Na kwa wanaotoroka, wekeni kengele kwenye mlango: anayetoka anasikika, matroni anaamka, na hakuna aliyefungiwa. Fundi wa kuchomelea yeyote hapa Walukuba anaibadilisha grili moja mchana mmoja. Bawaba mbili, komeo moja, vijiti kadhaa vya kuchomelea. Mwalimu mkuu akisema hana bajeti, muulizeni rangi mpya ya geti ililipwa na nani.

Lakini siwaandikii wakuu wa shule peke yao. Nyumba zetu nazo ni mabweni madogo. Tumeziba madirisha kwa nondo kwa sababu ya wezi, na nawaelewa wanaofanya hivyo, hata kwangu wameshawahi kuingia. Usiku tunafunga mlango kwa kufuli la ndani, kisha ufunguo unakwenda kulala chini ya mto wa baba. Moshi ukiingia, baba yuko chumba cha mbali, au amezimia, au yuko safarini Mbale. Watoto wanabaki wanavuta kufuli.

Kwetu ufunguo unaning'inia kwenye msumari pembeni mwa mlango, kimo cha mjukuu mdogo kuliko wote, mbali na dirisha ili mkono wa nje usiufikie. Umefungwa kwa kamba fupi ili asiwepo wa kuuchukua na kuusahau mfukoni. Dirisha la chumba cha watoto lina grili ya bawaba. Likizo wajukuu wakijaa, jioni moja tunafanya zoezi. Taa zinazimwa. Nikiita "Moto!" kila mmoja anateremka kitandani kwa tumbo, anatambaa akifuata ukuta, anagusa mlango kwa mgongo wa mkono kuona kama una joto, anafika sebuleni, anapapasa msumari. Wakubwa wanawashika wadogo. Tunakutana kwenye mwembe karibu na geti, na mke wangu anahesabu vichwa. Aliyetoka harudi ndani, hata kama amesahau simu, hata kama amesahau viatu vipya vya Idi.

Mdogo wao, ana miaka saba, aliniuliza, "Jaja (babu), na paka?"

Nikamwambia paka anajua dirisha lake, yeye akimbilie mwembeni. Akafikiri. Zoezi lililofuata alitoka wa kwanza, akafika chini ya mti, akaanza kumwita paka kutoka kule nje. Nililiona hilo kuwa jambo kubwa. Mtoto alikuwa ameelewa kwamba unaweza kumpenda mtu na bado usirudi ndani kumfuata.

Jirani mmoja alisema nawatisha watoto. Wanacheka mwanzo hadi mwisho, wanashindana, wanaomba turudie. Anayeogopa ni yule ambaye hajui la kufanya. Kiwandani ilikuwa hivyo hivyo: wafanyakazi waliofanya mazoezi walitoka wakitembea, na waliokuwa wapya ndio waliokimbia na kukanyagana.

Binti yangu anapanga Kampala, chumba kimoja na sebule, mlango mmoja, dirisha moja lenye nondo. Alimwomba mwenye nyumba ruhusa ya kuweka bawaba kwenye grili kwa pesa yake mwenyewe. Akakataliwa, kwamba ataharibu jengo. Hapo ndipo familia inapofika mwisho wa uwezo wake na serikali inapotakiwa kuingia. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ipo tangu 2013. Kamati za majengo ziko wilayani na manispaa. Ninachoomba ni kwamba mpangaji anayetaka njia ya pili ya kutokea awe na haki hiyo, na mwenye nyumba anayekataa awe ndiye mwenye kosa.

Kuhusu sigiri, yaani jiko la mkaa, nitasema kwa ufupi, ingawa imeua wengi kimya kimya. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, na zile za Septemba, watu wanaingiza sigiri ndani, kupasha chumba cha mtoto mchanga au kuacha maharage yaive usiku kucha. Mkaa uliokwisha kutoa moshi unaonekana salama. Ndio hatari zaidi, kwa sababu kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na damu inaishika zaidi ya mara mia mbili kuliko inavyoshika oksijeni. Familia nzima inalala na haiamki. Mwenyekiti wa LC1 ana kipaza sauti cha kutangazia mikutano na chanjo. Mvua ikianza, atangaze na hili.

Na kuna jambo gumu zaidi ambalo wenyeviti wa LC1 mnalijua kuliko mimi. Mama anayeuza ndizi za kuchoma barabarani hadi saa nne usiku, hana dada wa kazi, anawafungia watoto ndani kwa kufuli na kuondoka, kwa sababu anaogopa wasitekwe au wasitangetange. Simhukumu. Hana mtu. Lakini kila mtaa una mama mkubwa mmoja ambaye yuko nyumbani usiku na anaaminika. Mwenyekiti anaweza kukaa na kina mama na kupanga kwamba ufunguo wa nyumba yenye watoto peke yao ubaki kwa huyo jirani, na kwamba yeye awe anapita na kuita majina yao kabla ya kulala. Haihitaji fedha kutoka Kampala. Inahitaji mtu wa kuianzisha, na watu wanamsikiliza mwenyekiti.

Nakuja kwenu wa Wizara ya Maafa mlio Ofisi ya Waziri Mkuu, na kwa Bunge. Katiba yetu ya 1995, ibara ya 249, inasema kutakuwa na Tume ya Maandalizi na Udhibiti wa Maafa ya Uganda. Nilikuwa kazini ilipopitishwa, na tulifurahi. Agosti 10, 2024, mlima wa taka za Kampala pale Kiteezi ulipoporomoka na kuwafukia watu zaidi ya 30, wengine wamelala majumbani mwao, tume hiyo ilikuwa bado maneno kwenye karatasi. Sera ya taifa ya mwaka 2010 ipo, na ofisi yenu inafanya kazi kubwa ya kupeleka mahindi, maharage na mahema Bududa, Bulambuli na Kasese. Nawashukuru kwa hayo; ndugu zetu wamelala chini ya mahema hayo. Familia za waliokufa Kiteezi ziliahidiwa shilingi milioni 5 kwa kila marehemu. Fedha ile ingeweka bawaba kwenye madirisha ya bweni zima, na ingebaki. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimekaa matangani na wazazi, na nimeona bahasha ikipokelewa na mzee ambaye hakuitazama.

Muhula mpya haujafunguliwa. Waziri wa Elimu anaweza kuandika waraka wiki hii kwamba hakuna bweni litakalopokea mtoto likiwa na komeo la nje. Wakuu wa Zimamoto wanaweza kuchagua usiku mmoja, bila kutangaza, wakagonga mageti ya shule katika kila wilaya. Wasiende kukamata mtu usiku wa kwanza. Waende na bisibisi, wang'oe makomeo ya nje, waache karatasi ya siku 14 za kurekebisha yaliyobaki. Wakirudi usiku wa pili na kukuta kufuli, hapo sheria ifanye kazi yake, na ianze na mwenye shule kabla ya matroni.

Kama tatizo ni watu wa kwenda, wastaafu wa kazi hii tupo. Tuko Jinja, Tororo kwenye saruji, Kasese wale waliobaki wa migodi ya Kilembe, na askari wa zamani wa zimamoto wamejaa vijijini wakilima kahawa. Tunajua kukagua, tuna muda, na usingizi wetu wa usiku siku hizi ni mfupi. Hatudai posho. Tupeni barua yenye muhuri ya kututambulisha getini, tochi, na mtu mmoja wa polisi wa kutusindikiza.

Mjukuu wangu anarudi bodingi Jumatatu. Matroni na mwalimu mkuu nimeshawaandikia, na fundi niko tayari kumlipa mimi kwa mlango ule mmoja. Milango mingine yote naiacha mikononi mwenu.

Wenu kwa heshima,

Afisa wa usalama kazini mstaafu,
Walukuba, Jinja